Tumelipenda Shtaka, Tumelikimbia Jawabu



Leo nataka tugombane kidogo. Kugombana kwa heri, lakini tugombane.

Kuna picha unaijua. Mzee wa masharubu, kichwa kakiegemeza kwenye mkono, macho yameenda mbali kama mtu anayefikiria deni. Pembeni wameandika maneno mawili matatu kuhusu kujiamini na kuruka juu kama kipanga. Chini kabisa, jina: Allama Iqbal. Umeisambaza hiyo picha. Nami nimeisambaza, sijifichi. Halafu? Halafu tukaweka simu kwenye chaji, tukalala.

Si zamani sana tuliweka picha kama hiyo hapa hapa kwenye ukurasa. Laiki mia kadhaa, na "MashaAllah" zikamwagika kama mvua ya masika. Wiki ile ile tukaomba vijana waje Jumamosi asubuhi kusaidia wenzao kujaza fomu za kitambulisho, maana kuna mtu amemaliza shule miaka minne na hadi leo hana kadi. Unajua walikuja wangapi? Tisa. Na wawili kati ya hao tisa walisukumwa na mama zao, Allah awalipe hao mama.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwaza: hivi huyu mzee tunayemning'iniza kwenye status, tunamjua kweli? Kwa sababu tungemjua, tungeona aibu. Huyu si mtu wa kutupembeleza. Maisha yake yote alikuwa anatukamata ukosi.

Mtoto wa fundi cherehani

Muhammad Iqbal alizaliwa tarehe 9 Novemba 1877 mjini Sialkot, Punjab. Wakati huo ilikuwa India chini ya Mwingereza, leo ni Pakistan. Baba yake, Sheikh Noor Muhammad, alikuwa fundi cherehani. Shule rasmi hakusoma, lakini alipenda kukaa na watu wa dini, na mtoto wake akampeleka kwa mwalimu aliyeitwa Sayyid Mir Hassan, ambaye alimfunza Kiarabu, Kiajemi na mapenzi ya mashairi. Nyumbani walizungumza Kipunjabi. Urdu na Kiajemi, hizo lugha mbili zilizompa jina duniani, alizisoma kwa jasho. Zaidi ya nusu ya mashairi yake yako kwa Kiajemi, kwa sababu alitaka asomwe nje ya India pia, kuanzia Kabul hadi Tehran.

Mwaka wa 1895 akaenda Lahore, chuo cha serikali. Shahada ya kwanza 1897, ya pili kwenye falsafa 1899.

Na usimwone kama mtu wa mbali sana na sisi. Miaka ile ile yeye yuko darasani Lahore, maelfu ya vijana wa Punjab yake walikuwa wanasajiliwa kama vibarua, wanapandishwa meli Karachi, wanashushwa Mombasa kujenga reli ya kwenda ziwani. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India kati ya 1896 na 1901, na karibu 2,500 walifia kazini. Bendera iliyopepea juu ya vichwa vyao ndiyo iliyopepea juu ya vichwa vya babu zetu. Kwa hivyo Iqbal anaposema habari ya watu waliotawaliwa mpaka wakaanza kuamini kuwa wameumbwa kutawaliwa, hasemi habari ya sayari nyingine.

Mwaka wa 1905 akaenda Ulaya. Akasoma falsafa Cambridge, sheria London, na udaktari wa falsafa akaupata Munich, Ujerumani, kwa utafiti juu ya fikra za Waajemi. Alipoondoka alikuwa tayari mshairi maarufu wa uzalendo. Wimbo wake wa 1904 wa kuisifu India unaimbwa na Wahindi mpaka leo. Aliporudi 1908 alikuwa mtu mwingine. Ulaya ilimvutia kwa bidii yake, kwa elimu yake, kwa watu wasiokaa kitako. Lakini aliona pia mataifa yanayoabudu bendera zao na kutazamana kwa jicho la njaa. Miaka sita baadaye, 1914, mataifa hayo yakaanza kuchinjana. Yeye alikuwa ameshaondoka na somo lake: mtu asiabudu kabila wala ramani.

Shtaka, na jawabu lake

Sasa tuje kwenye kiini. Kuna mashairi yake mawili ya Urdu ambayo ukiyaelewa umeshampata mtu mwenyewe. La kwanza linaitwa *Shikwa*. La pili *Jawab-e-Shikwa*. Hata kama hujui neno moja la Urdu, masikio yako ya Kiswahili yameshashtuka. Shikwa na shtaka, mzizi ni mmoja wa Kiarabu. Jawab ni jawabu. Shtaka, na jawabu la shtaka. Na sisi watu wa huku tunayajua mashairi ya kujibizana tangu enzi za mababu: mmoja anarusha, mwingine anarudisha. Tofauti ni kwamba hapa aliyerushiwa ni Allah (SWT) mwenyewe.

Ndiyo, umesoma vizuri. Katika *Shikwa*, Muislamu anasimama mbele ya Mola wake na kulalamika. Sisi ndio tuliobeba jina lako, tukavuka bahari na majangwa kwa ajili yako. Mbona leo sisi ndio wa chini? Mbona wasiokujua wana majumba na sisi tuna ahadi tu? Hayo ni maelezo yangu mimi, mashairi yenyewe ni makali na matamu kuliko hivyo.

Aliyasoma Lahore, kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha Waislamu kilichoendesha shule na makao ya mayatima, Anjuman-e-Himayat-e-Islam. Yaani, kwa lugha yetu, aliyasoma kwenye harambee. Watu walilia. Na baadhi ya mashekhe walikasirika mno: huyu kijana amemkosea Mungu adabu! Wengine wakamtilia shaka hata imani yake.

Fikiria hali ilivyokuwa. Mwaka wa 1911 Waitaliano wakaingia Libya. Mwaka wa 1912 vita vya Balkan vikawaka na dola ya Uthmaniya ikawa inakatwa vipande. Kila gazeti lilileta habari ya kushindwa. Waislamu wa India walikuwa wanalia kama sisi tunavyolia tukishika simu usiku na kuona yanayotokea. Shairi la kulalamika lilikuwa ndilo walilolihitaji. Iqbal angeweza kuishia hapo. Angekuwa na laiki zake na jina lake, amemaliza.

Hakuishia hapo. Mwaka wa 1913 akasimama tena Lahore, nje ya lango la Mochi, mbele ya umati, akasoma jawabu. Na jawabu halikumpapasa mtu kichwa. Mbingu inajibu: mnasema mmeachwa, je, nyinyi mko wapi? Mnajivunia mababu. Wao walikuwa mababu zenu kweli, lakini nyinyi ni nani? Mola wenu mmoja, Mtume wenu (SAW) mmoja, kitabu kimoja, kibla kimoja, halafu mmekatana vipande kwa madhehebu na koo. Matajiri wenu wamelewa mali, na wanaosimamisha swala na saumu ni maskini. Mnangoja nini?

Nakala za shairi lile ziliuzwa na pesa zikaenda kwenye mfuko wa kuwasaidia waathirika wa vita vya Balkan. Umeona? Shtaka lilisomwa kwenye harambee ya mayatima. Jawabu liliuzwa kuchangia waliopigwa. Hakuna hata moja lililobaki hewani. Kila shairi lilikuwa na mkono, na mkono ulikuwa na kazi.

Sasa jiulize, sisi tumechukua nini? Tumechukua nusu. Tumelipenda shtaka, tumelikimbia jawabu.

Jawabu si rungu la mkubwa

Ngoja. Kabla hujanijibu, najua kuna mtu anasoma hapa akitingisha kichwa kwa furaha. Ni yule mzee wa kikao, au yule mwanasiasa wetu, ambaye kila kijana akisema "tunaonewa", yeye anajibu "tatizo ni nyinyi wenyewe". Kijana kazuiliwa kazi kwa sababu ya jina lake? Tatizo ni nyinyi, hamkusoma. Mama kasumbuliwa kwa sababu ya buibui? Tatizo ni nyinyi, hamjajipanga. Halafu anaisoma ile aya ya 11 ya Suratul Ra'd, anaisoma kwa sauti nzuri, na mazungumzo yanafungwa.

Huyo naye amechukua nusu. Tena nusu mbaya zaidi.

Iqbal aliipenda aya hiyo kweli, anairejea kwenye maandishi yake. Lakini hebu angalia aliyetoa jawabu ni nani. Kwenye shairi anayejibu ni Mola, akimjibu mja aliyethubutu kuuliza. Gavana wa Kiingereza hakupewa mstari wa kuwajibu Waislamu. Tajiri wa Lahore pia hakupewa. Anayeonewa ana haki ya kujihesabu mwenyewe mbele ya Mola wake. Anayeonea hana haki ya kumhesabia. Jawabu ukiliondoa kwenye kinywa chake ukalitia kwenye kinywa cha mkubwa, linageuka rungu.

Na Iqbal hakuwaacha wakubwa. Katika kitabu chake cha 1935, *Bal-e-Jibril*, alimsimamisha Lenin, mtu asiyeamini Mungu, mbele ya Mungu, na akampa nafasi ya kuuliza kuhusu uchungu wa maisha ya mfanyakazi na unyonyaji wa mabenki. Mshairi wa Kiislamu, anampa mkomunisti zamu ya kushtaki! Kwa sababu shtaka lenyewe lilikuwa la haki, na haki haichagui mdomo. Tarehe 28 Mei 1937, akiwa mgonjwa, alimwandikia barua Muhammad Ali Jinnah. Ujumbe wake wazi: Muslim League lazima iamue kama ni chama cha Waislamu wa tabaka la juu au cha watu wa kawaida, kwa sababu tatizo la mkate linazidi kila siku na Muislamu wa Punjab amezama kwenye umaskini na madeni. Mkate! Mwanafalsafa wa Cambridge na Munich, mwezi wake wa mwisho haujafika hata mwaka, anawaza mkate wa mtu wa chini.

Kwa hivyo usije ukamtumia Iqbal kuniambia ninyamaze. Na mimi sitamtumia kukuambia ulalamike halafu ulale. Ametufungia njia zote mbili.

Khudi si kujipiga picha

Tuje kwenye lile neno lenu mnalolipenda, *khudi*. Limekuwa kama manukato, kila mtu anajipaka. "Inua khudi yako", yaani jiamini, jipende, usijali maneno ya watu, nunua kozi yangu ya mafanikio.

Sivyo kabisa.

Kabla ya Iqbal, khudi kwa Kiajemi na Urdu lilikuwa neno baya: umimi, majivuno. Mwaka wa 1915 alipotoa *Asrar-e-Khudi*, kitabu cha mashairi ya Kiajemi, aligeuza maana yake na ikabidi aeleze wazi kwamba hazungumzii kiburi. Khudi kwake ni ile nafsi Allah aliyokupa uijenge mpaka iweze kubeba amana. Na ngazi zake ni tatu. Ya kwanza ni utiifu. Umeona mahali pa kuanzia? Utiifu kwa sheria ya Mola, kama ngamia anayebeba mzigo bila kelele. Ya pili ni kuitawala nafsi, kuishinda hofu na tamaa. Ya tatu ndiyo ukhalifa, kuwa naibu wa Allah katika ardhi, mtu wa kutengeneza dunia. Sisi tumeruka ngazi mbili, tunataka kuanzia juu. Hatuamki Alfajiri lakini tunataka kuwa vipanga.

Katika kitabu hicho hicho anasema nafsi inakua kwa mapenzi na inadhoofika kwa kuombaomba. Soma sentensi hiyo tena kisha tazama mwaka wa uchaguzi. Tazama ujumbe wa viongozi wetu wanaopiga foleni kwa mheshimiwa wakirudi na magunia ya mchele, wakipiga picha na magunia. Msaada wa mwenye njaa si aibu, Uislamu umeuwekea haki yake. Aibu ni umma mzima kugeuza kuomba kuwa siasa yake. Ulichopewa kwa kuomba, kesho utaombwa nacho kura.

Tena kuna kisa chake cha kondoo na chui wakubwa. Kondoo walichoka kuliwa. Mmoja mwerevu akajifanya mwenye wahyi, akaanza kuwahubiria wale wanyama wakali: nguvu ni dhambi, pepo ni ya wanyonge, acheni nyama, kuleni majani. Wakali wakachoka na uwindaji, wakaona mahubiri ni matamu, wakala majani. Meno yakalegea, macho yakafifia, ushujaa ukatoka. Na huo uzembe wao wakauita ustaarabu. Iqbal alikuwa anawapiga Waislamu waliogeuza dini kuwa usingizi. Dini yako ikikufanya uone kila dhulma ni qadar na kila juhudi ni dunia tu, umeshaanza kula majani.

Na kabla kijana mwenye misuli hajafurahi sana, Iqbal alimaliza upande wa pili mwaka wa 1918. *Rumuz-e-Bekhudi*, kitabu ndugu wa kile cha kwanza, kinasema nafsi peke yake haina maana mpaka iingie katika jamaa, kama tone baharini, ila tone lililokuwa lulu kwanza. Huyo "mimi" unayemjenga unamjengea "sisi". Khudi ambayo haijawahi kuhudhuria kikao, haijawahi kumfungua mtu macho kuhusu haki yake, haijawahi kukaa na yatima, hiyo ndiyo ile ya zamani, umimi, imerudi ikiwa imevaa kanzu mpya.

Na yeye hakuwa malaika

Sitaki mumtoe kwenye picha mkamweke kwenye kaburi la kuabudiwa. Tumseme kwa haki.

Tarehe 13 Aprili 1919, jeshi la Mwingereza liliwapiga risasi watu wasio na silaha kwenye bustani ya Jallianwala Bagh, Amritsar, Punjab hiyo hiyo. Mwaka ule ule Rabindranath Tagore, mshairi wa Bengal, akarudisha heshima ya "Sir" aliyopewa na mfalme. Miaka michache baadaye Iqbal akapewa "Sir" na akaikubali. Inasimuliwa kwamba alishikilia mwalimu wake Mir Hassan naye apewe cheo, na walipouliza mwalimu huyo ameandika kitabu gani, akajibu kuwa kitabu chake ni yeye Iqbal. Kisa kizuri, kina adabu ya mwanafunzi. Lakini hakifuti swali. Watu wa wakati wake walimuuliza swali hilo, tena kwa mashairi ya kejeli, na walikuwa na haki ya kuuliza.

Katika toleo la kwanza la *Asrar* alimshambulia Hafiz, mshairi mkubwa wa Uajemi, kwamba analewesha watu. Zogo likawa kubwa, toleo la pili akayatoa maneno hayo. Alikutana na Mussolini Roma mwaka wa 1931 na kuna wakati alivutiwa na nguvu yake, jambo linalonikera kila nikilisoma. Na kuhusu wanawake, dada zangu mtamkuta ni mtu wa zama zake, pengine nyuma ya zama zake. Yeye mwenyewe kwenye mashairi yake alikiri, kwa uchungu, kwamba ni shujaa zaidi wa maneno kuliko wa vitendo.

Hapo ndipo ninapompenda. Alilielekeza jawabu kwake pia. Ni viongozi wetu wangapi unaowajua wanaoweza kufanya hivyo hadharani?

Na hakukaa tu kulia. Alikuwa wakili. Aliingia baraza la kutunga sheria la Punjab kwa kura mwaka wa 1926. Miaka ya mwisho ya 1920 alizunguka Madras, Hyderabad na Aligarh akitoa mihadhara iliyokuja kuwa kitabu cha Kiingereza mwaka wa 1930, juu ya kuijenga upya fikra ya dini katika Uislamu. Humo alisema ijtihad ndiyo injini ya Uislamu, na kwamba zama hizi inaweza kufanywa na baraza lililochaguliwa na watu, si na mtu mmoja mmoja pekee. Mpaka leo kuna wanaotetemeka wakisikia hilo. Tarehe 29 Desemba 1930, Allahabad, akihutubia Muslim League, alisema anatamani Punjab, jimbo la mpaka wa kaskazini-magharibi, Sindh na Baluchistan ziunganishwe kuwa dola moja. Waliohudhuria walikuwa wachache, hata akidi ilikuwa shida. Ukumbi mtupu! Nikikumbuka hilo, wale vijana wangu tisa wa Jumamosi hawaonekani wachache tena.

Januari 1933 alifika Cordoba, Uhispania, akaswali ndani ya ule msikiti uliofanywa kanisa karne nyingi. Hakutoka hapo na picha tu. Alitoka na shairi ambalo wengi wanaliona ndilo kilele cha Urdu yake. Mwaka uliofuata koo likaugua na sauti ikamtoka. Mshairi ambaye watu walikusanyika kumsikia, sauti imekufa kabla yake. Akaendelea kutunga, akaendelea kuandika barua. Alifariki Lahore tarehe 21 Aprili 1938, akazikwa kando ya Msikiti wa Badshahi. Miaka tisa baadaye Pakistan ikazaliwa.

Na hapo kila mtu akaja na mkasi wake. Pakistan ikamkata ikamfanya baba wa taifa la mawazo, na siku yake ya kuzaliwa wanaiadhimisha. Iran wakamwita Iqbal wa Lahore, Ali Shariati akamwandikia kitabu, wakamwona mwalimu wa mapinduzi. Wahindi wakabaki na wimbo wake. Wauza motisha wakabaki na kipanga. Na sisi? Sisi tumekata picha ya mzee mwenye masharubu.

Sasa?

Sikuombi uache kulalamika. Haki zetu zimebanwa, na atakayesema hazijabanwa ni muongo. Shtaki. Shtaki kwa sauti, kwa barua, kwa wakili, kwa mahakama. Iqbal alimshtakia Mola wake, wewe unaogopa kumshtakia afisa?

Lakini kila ukimaliza shtaka moja, kaa chini uandike na jawabu. Umesema hatuna mawakili: unasoma nini? Umesema wazee wameshika msikiti: mkutano mkuu wa mwisho ulikuwa wapi wewe? Umesema tumegawanyika: lini mara ya mwisho uliswali nyuma ya mtu wa kundi lisilo lako? Umesema serikali haitusikii: umepeleka nini kwa maandishi, tarehe ngapi, nakala iko wapi?

Jawabu liandike wewe mwenyewe, usisubiri mkubwa akuandikie. Atakuandikia rungu.

Jumamosi hii tunarudi kwenye zile fomu, saa tatu asubuhi, mahali pale pale. Kalamu tunazo. Picha ya Iqbal hatutaitundika. Njoo na mtu mmoja, na kama mama yako ndiye atakayekusukuma, msalimie sana.

Allah atupe nafsi zinazoweza kubeba amana, na atukubalie yaliyo kidogo. Wabillahi tawfiq.